Je, Ni Halali Kuihukumu Kahawa ya Mwenzetu?



Swali tunalolileta safari hii laweza kuonekana dogo kwa kurasa hizi. Halihusu ndoa, wala mirathi, wala ujenzi wa kanisa. Lahusu kikombe cha kahawa, benchi la mbao, na maneno tuliyoyasema sisi wenyewe tulipoondoka kwenye benchi hilo. Lakini maneno hayo yalichangia kumfungia mtu mlango wa riziki yake, na ndiyo maana tumeona si haki kuyanyamazia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sisi ni watu watano ambao kazi za kanisa hutusafirisha mara kwa mara baina ya Kasulu na Kibondo. Tukifika mapema, au gari likichelewa, huingia katika hoteli ndogo za chai na kahawa zilizo karibu na stendi na soko. Mwazijua hoteli za namna hiyo: banda la mabati, jiko la mkaa au mafiga matatu, birika jeusi kwa masizi, maandazi ndani ya ndoo yenye mfuniko, na mwenye mali ndiye mpishi, ndiye mhudumu, ndiye mwosha vyombo. Hazina tawi mahali pengine. Mwenyewe akiugua, hoteli nayo imelala.

Pole pole tukajifanyia mchezo. Kila tulipotoka katika hoteli moja tulitoa hukumu yetu njiani: kahawa ya hapa ni nzito, ya pale ni maji ya kuoshea kinu, huyu ana maandazi laini, yule anapunja sukari. Mmoja wetu akawa anaandika katika kurasa za nyuma za daftari lake la mikutano na kutoa alama kama mwalimu, saba juu ya kumi, nne juu ya kumi. Habari zikaenea. Wageni waliokuja mikutanoni wakaanza kutuuliza, "Tukanywe wapi?" Nasi tulijibu kwa furaha, maana ni jambo tamu kuulizwa kama mtu mwenye ujuzi.

Siku moja, mjini Kasulu, tuliingia katika banda la mama mmoja ambaye alikuwa amefungua miezi michache tu kabla. Tuseme kweli: kahawa yake haikuwa nzuri. Ilikuwa na ladha ya moshi, tena ilikuja imepoa. Tulikaa muda mrefu kabla ya kuhudumiwa, na tulipouliza, alitujibu kwa mkato. Kwenye benchi la pili walikaa vijana wanne wakizungumza Kirundi. Tulikunywa nusu, tukalipa, tukaondoka. Katika daftari aliandikiwa mbili juu ya kumi.

Tangu hapo kila aliyetuuliza tulimwambia, "Pale pasikupotezee fedha." Na mmoja wetu, wala hatutasema ni nani kwa sababu wengine wote tulikuwepo na hatukumzuia, alikuwa na desturi ya kuongeza neno: "Halafu yule mama, lugha yake si ya hapa."

Kabla hatujaendelea, inatupasa kukiri jambo la pili, maana bila hilo la kwanza halieleweki vema. Katika mji huohuo palikuwa na hoteli ya mtu tunayemheshimu, ndugu anayesali pamoja nasi. Maziwa yake yalikuwa yameongezwa maji, hata asiyejua ng'ombe angetambua. Yeye tulimpa nane juu ya kumi, na wageni tuliwaelekeza kwake. Tulijiambia kwamba huo ni upendo wa ndugu.

Baada ya muda banda la yule mama likafungwa. Hatusemi ni sisi peke yetu tuliolifunga. Kodi ya banda, bei ya sukari, na mvua vina sehemu yao. Lakini mwenye hoteli ya mabenchi mawili haishi kwa wateja mia. Huishi kwa wateja kumi na watano wanaorudi kila siku, na watu sita wakiambiwa wasirudi, jiko linazimika.

Tulimkuta tena Kibondo, sokoni, akiuza kahawa kwa chupa mbili za chai na ndoo ya maandazi. Alitutambua kabla sisi hatujamtambua. Alitusalimu kwa heshima, akatumiminia, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Wazee wangu, niliambiwa mlisema kahawa yangu mbaya. Pengine kweli ilikuwa mbaya. Lakini mbona mliwaambia watu wote, mimi hamkuniambia?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukilitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tulijaribu kujificha katika jibu rahisi, kwamba Mkristo asihukumu kabisa. Sura ya 7 ya Mathayo huanza na onyo juu ya jambo hilo. Lakini kabla sura hiyohiyo haijaisha, tunatakiwa kuutambua mti kwa matunda yake. Basi jibu rahisi halitoshi. Tena tuangalie maisha yenyewe. Mtu aliyelima maharage, akayabeba hadi sokoni, akapata shilingi chache, ana haki ya kujua atapata nini kwa shilingi zile. Anayemficha kwamba maziwa yana maji amemwibia kwa ulimi wake. Kwa hiyo zile nane juu ya kumi tulizompa ndugu yetu hazikuwa upendo. Tulimpa zawadi kutoka katika mfuko wa wageni wetu, tena yeye mwenyewe tulimnyima nafasi ya kujirekebisha. Kutohukumu si wema daima. Mara nyingine ni uvivu, au woga wa kumuudhi mtu tutakayekutana naye Jumapili.

Basi swali likageuka. Halikuwa tena, je, tuhukumu au tusihukumu? Likawa, je, tunamdai nini mwenzetu, na sisi tunadaiwa nini naye, pale tunapomhukumu?

Hapo tukakumbuka kwamba nyumba za kahawa zilihukumiwa zamani sana kabla yetu. Mwaka 1511, huko Makka, liwali aliyeitwa Kha'ir Beg aliwakusanya wanazuoni na waganga ili waitolee kahawa hukumu, nayo ikapigwa marufuku. Baada ya muda si mrefu wakubwa wake wa Kairo waliilegeza amri hiyo. Mwezi Desemba 1675, mfalme Charles II wa Uingereza alitoa tangazo la kuzifunga nyumba zote za kahawa, na kabla wiki mbili hazijapita akaliondoa mwenyewe, kwa jinsi watu walivyolalamika. Ukitazama kwa makini, wote wawili walitaja kahawa, lakini sehemu kubwa ya hofu yao ilikuwa watu waliokaa kuinywa na mazungumzo yao. Kikombe kilishitakiwa kwa makosa ya benchi.

Tukajiuliza kama sisi hatukufanya hivyohivyo. Zile alama mbili, je, zote zilikuwa za kahawa? Kama vijana wale wanne wangekuwa wanakwaya wetu, tungetoa mbili? Kila mtu wa Kasulu na Kibondo anajua historia yetu na wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na tangu mwaka 2015 Warundi wengi walimiminika huko, na Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena. Tulipokea watu, tukauziana nao, tukagombana nao juu ya kuni na mashamba, tukazika nao. Katika hali hiyo kusema "lugha yake si ya hapa" si kutoa habari. Ni kumwasha mtu moto na kuondoka.

Na habari yenyewe haikuwa kweli. Mama yule ni mzaliwa wa upande wa Mabamba, wilaya ya Kibondo, karibu na mpaka. Kiha cha kule na Kirundi vimekaribiana kama nyumba mbili zenye ua mmoja, na Mha yeyote anajua kwamba kusikilizana na Mrundi hakuhitaji mkalimani. Lakini tusije tukajifariji kwa hilo. Hata kama angekuwa amevuka mpaka jana, kahawa yake ingebaki kuwa kahawa, nzuri au mbaya. Kosa letu halikuwa kukosea kabila lake. Kosa lilikuwa kuliingiza kabila katika kikombe.

Sasa, yako mahali ambako watu huihukumu kahawa kwa haki, tena hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Nchi yetu hii ya juu ni nchi ya kahawa. Ukitoka Kasulu kwenda Manyovu utaona mibuni imesimama pamoja na migomba katika miteremko, na ng'ambo ni Burundi ambako nako wanalima hiyohiyo. Lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, na sisi tunaoilima wengi tumezoea chai. Kabla ya kuuzwa, kahawa huonjwa. Mjini Moshi, kwenye makao ya Bodi ya Kahawa Tanzania na ambako kwa miaka mingi mnada ulifanyika, wako waonjaji waliosomea kazi hiyo.

Tazameni wanavyofanya. Sampuli hukaangwa kidogo na kusagwa, na kwa desturi inayofuatwa na waonjaji wa nchi nyingi huwekwa katika vikombe vitano. Humwagiwa maji ya moto, huachwa kama dakika 4, kisha mwonjaji huvunja utando wa juu kwa kijiko, hunusa, hufyonza kwa kishindo na kutema. Kwa kipimo kilichozoeleka alama ni hadi 100, na kahawa inayofika 80 huhesabiwa miongoni mwa zile bora zaidi. Mwonjaji akifanya kazi yake sawasawa, mbele yake pana namba tu, hapana jina la mkulima.

Mambo matatu katika kazi hiyo yalitutia haya.

La kwanza ni vile vikombe vitano. Kwa nini kimoja hakitoshi? Kwa sababu punje moja mbovu yaweza kuharibu kikombe kimoja, na vinne vingine vikawa vizima. Mwonjaji hataki punje moja iseme kwa niaba ya gunia zima. Sisi tulimhukumu mama yule kwa nusu ya kikombe kimoja, asubuhi moja. Hatukurudi mara ya pili.

La pili ni kukosekana kwa jina. Hapana anayejua kama mwenye kahawa ni mzee wa kanisa au ni mjane asiye na mtu, kama ametoka Kigoma au Mbeya. Nasi hatuwezi kunywa kahawa hotelini tukiwa tumefunga macho. Lakini twaweza kujiuliza moyoni, kabla ya kusema: je, ningetoa neno hilihili kama mwenye hoteli angekuwa ndugu yangu? Na kama ni ndugu yangu, je, ningempa sifa hii kama angekuwa mgeni?

La tatu, na ndilo kubwa, ni lugha yao. Mwonjaji husema, "Hii imechacha," au, "Hii ina moshi." Hasemi, "Mkulima huyu ni mchafu." Hulitaja kosa lililomo katika kahawa, na kosa likitajwa hivyo laweza kurudi hadi shambani na kuponywa. Kahawa iliyochacha pengine ilikaa mno katika maji, basi msimu ujao itolewe mapema. Kahawa yenye moshi pengine ilikauka karibu na jiko, basi ianikwe mbali. Lakini ukisema, "Mkulima huyu si wa hapa," atakwenda kurekebisha nini? Ataponya nini?

Mwenzetu mmoja, ambaye ni mwalimu, alitupinga hapo. Alisema, "Mnataka kila mteja awe mtaalamu wa Moshi? Mtu akiugua tumbo kwa maji yasiyochemshwa, naye arudi mara tano ndipo aseme?" Ni pingamizi la haki. Tulikubaliana kwamba yako makosa ya namna mbili. Lililo la hatari, kama maji machafu au nyama iliyooza, lisemwe siku hiyohiyo, kwa mwenye hoteli, na kwa wale walio karibu kula. Hapo kuchelewa ni dhambi. Lakini lililo la ladha, na uchelewaji, na uso uliokunjamana asubuhi moja, hilo lina nafasi ya kusubiri.

Na lisubiri nini? Hapo tunarudi kwenye swali la mama yule. Mathayo 18 imetuwekea hatua za kumwendea aliyekosa, na hatua ya kwanza ni ninyi wawili peke yenu. Tumeisoma mara nyingi katika vikao vya kupatanisha ndoa na mipaka ya mashamba. Hatukuwahi kufikiri kwamba yahusu pia benchi la hoteli. Kumbe yahusu. Kumwambia mtu, "Mama, kahawa leo ina moshi," ni jambo gumu. Uso unaona haya, na yeye aweza kukujibu. Kuwaambia watu ishirini wasiokuwa yeye ni rahisi, tena kunachekesha. Ugumu ule ndio unaoifanya hukumu iwe ya haki, maana anayehukumiwa yupo na ana ulimi.

Siku hizi, katika miji mikubwa, mtu aweza kunywa kahawa Dar es Salaam, Nairobi au London, na kabla hajainuka kitini akawa ametoa nyota moja au tano kwa simu yake, na watu wasiomjua wakazisoma. Hatulaumu chombo hicho. Msafiri hunufaika nacho, na mwenye hoteli nzuri isiyo na jina hupata wateja. Lakini hata sisi, tuliokuwa na daftari tu, tulitenda dhambi yote iwezekanayo. Ulimi hauna mfupa, nao haukungoja mtambo.

Basi tumefanya nini? Kurasa zile za daftari tumezichana. Wageni wakituuliza mahali pa kunywa, twawaambia tulichokunywa na lini, na kama ni mara moja tu, twasema ni mara moja. Yule ndugu wa maziwa tulimwendea wawili, jioni, baada ya wateja kuondoka. Hakufurahi. Kwa majuma mawili alitusalimu kwa mbali. Sasa maziwa yake ni maziwa, ingawa kikombe kimepanda bei, na twaona hiyo ni haki yake.

Kwa mama yule hatukuweza kurudisha banda. Kodi ya miezi ile imekwisha kupotea, na mtu hawezi kuzoa maji yaliyomwagika. Tulimwomba radhi, na yule wa neno la lugha aliomba radhi yake peke yake, hatukumsindikiza. Mama alisikiliza, akasema, "Haya," akaendelea kumimina. Hakusema ametusamehe, wala hatukumwuliza. Msamaha ni wake, atautoa atakapoona vema.

Twapita kwake kila tukifika Kibondo. Mwezi uliopita kahawa ilikuwa na moshi tena, na safari hii mmoja wetu alijikaza akamwambia. Alikionja kikombe mwenyewe, akakunja uso, akasema: "Kweli. Ni kuni mbichi. Mvua hizi, nani ana kuni kavu?" Kisha akatuuliza kama twamfahamu mtu anayeuza mkaa kwa bei ya kununulika. Tulimfahamu mmoja, tukampa jina lake.